Baiskeli ya Mazoezi ya Mzee Tadei

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Levina alimsaidia baba yake kufanya mazoezi. Walikaa Mlabani, Ifakara. Mzee Tadei alikuwa amepooza upande wa kushoto, na mtawa mmoja muuguzi aliyerudi kwao Ulaya alikuwa amemwachia baiskeli ya mazoezi. Haikuwa na magurudumu. Mota ya umeme ilizungusha pedali, nazo zikachezesha miguu ya mgonjwa.

Jumamosi moja Levina alibonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena, pedali hazikutikisika.

"Iache tu, mwanangu," baba alisema. "Imezeeka."

Levina hakukubali. Alikimbia kumwita Mama Nyamizi, jirani yao, ambaye alikuwa fundi umeme.

"Shikamoo, mama! Baiskeli ya baba imegoma."

"Marahaba. Usiiguse kwanza. Tutaanzia ukutani."

Mama Nyamizi aliichomoa baiskeli, akachomeka redio kwenye soketi ileile. Redio ikaimba.

"Umeme upo. Basi kosa liko mbele zaidi."

Alifungua plagi kwa bisibisi. Fyuzi ilikuwa nzima, lakini waya mmoja ulikuwa nje ya skrubu yake. Aliutazama kwa makini.

"Haukuungua wala haukukatika," alisema polepole. "Umetolewa na mtu."

Levina alimgeukia baba yake. Mzee Tadei alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Niliifungua jana usiku kwa mkono huu mmoja, nimeibana plagi kwa mapaja. Goti linaniuma sana pedali zinapokwenda mbio. Nikiona unavyonihangaikia kila siku, nashindwa kukwambia."

Levina akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyeongeza kasi, baba. Muuguzi alisema twende taratibu. Nilitaka upone upesi."

Baba alimvuta kwa mkono wake mzima, akamfuta machozi kwa pindo la shati.

Mama Nyamizi aliukaza waya, akafunga plagi. "Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo," alisema. "Kubwa ni huku kufichana. Mzee, ukiumia, sema. Na plagi usiifungue tena, umeme unaua. Nawe Levina, ukimpenda mgonjwa, fuata maagizo ya muuguzi, na umuulize mwenyewe anajisikiaje."

Levina aligeuza kitufe cha kasi hadi mwanzo kabisa, akawasha. Pedali zikaanza kuzunguka polepole.

"Unaumia, baba?"

Mzee Tadei alisikilizia goti lake, kisha akatabasamu.

"Hapo hapo, mwanangu. Usiongeze."