Sebule ya Kijani Kilichokoza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale lilifurika hadi mlangoni. Kinyua, fundi wa rangi aliyeshinda wiki nzima juu ya ngazi, alikuwa ameegemea kaunta huku mabega yakimuuma. Kando yake, dada mmoja mwenye sweta ya samawati na viatu vyeupe vya kazi alikuwa akibishana na muuzaji.

"Nimesema kijani cha zeituni. Ile imekoza kabisa."

"Ya sebule? Madam, si uchukue krimu? Hiyo utaishi kwa giza."

"Giza ndiyo nataka, bana."

Kinyua akacheka. Dada akamgeukia. "Na wewe unacheka nini?"

"Pole, dada. Miaka kumi napaka watu krimu. Leo ndiyo nimepata mtu anayetaka giza."

Aliitwa Sellah, muuguzi wa Bungoma, na papo hapo akampa kazi ya kuipaka sebule hiyo. Wiki iliyofuata Kinyua alikuwa kwake na brashi zake, akapaka mkono wa kwanza wa rangi. Kisha simu zikaanza.

"Umekula, fundi?"

"Bado. Nilikuwa nangoja unikumbushe."

"Mwongo wewe! Kula, mpenzi."

Jumamosi ya pili akamaliza. Kuta zilitulia kama majani ya mparachichi baada ya mvua, na mapazia ya manjano yakapendeza juu yake. Akaketi kumngoja. Jioni Sellah akafungua mlango, akatazama, akaketi sakafuni na sare yake ya kazi, akaangua kilio.

"Sellah, ni rangi?"

"Niache kidogo, tafadhali."

Kinyua akakusanya vifaa vyake, akaondoka na aibu tele. Sellah alipopiga simu, hakuwa na uso wa kuipokea. Alituma ujumbe tu: "Nisamehe. Nitarudi nikupakie krimu." Baada ya hapo simu haikulia tena.

Wiki ya tatu tangu aondoke kwa Sellah, akiwa anapaka dari ya nyumba mpya huko Kitale, alisikia sauti chini yake.

"Kinyua, shuka."

Alishuka. Sellah alikuwa amevaa rinda la kitenge, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ukigusa ule ukuta na krimu yako, tutakosana."

"Si ulilia?"

"Siku hiyo tulipoteza mama na mtoto wake. Wodini huwezi kulia, wagonjwa wanakuangalia. Nikafika nyumbani, nikaona ile rangi imetulia hivyo, mwili wote ukalegea." Akajifuta uso. "Nilisema uniache kidogo. Kidogo, Kinyua. Si wiki tatu."

"Nilidhani nimekuharibia nyumba."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza," akakubali. Akaketi kwenye mfuko wa simiti. "Sellah, nimechoka kurudi kwa chumba hakuna mtu. Nikileta wazee wangu kwenu Kabuchai, utanifukuza?"

 Sellah alipangusa vumbi kidogo kwenye mfuko huo, akaketi kando yake.

"Mama atakuuliza maswali mpaka ujute."

"Aulize."

"Basi uwalete. Lakini si wiki hii. Wiki hii niko zamu kila siku."

Akaegemeza kichwa kwenye bega la Kinyua, bila kujali ovaroli na rangi zake zote. Kinyua alitaka kusema jambo, akasikia pumzi za Sellah zimekuwa nzito. Alikuwa amelala. Dari ilikuwa imepakwa nusu tu, na mwenye nyumba angefika saa nane, lakini Kinyua hakujitikisa.