Kioo Kilichomkana Shemeji

Haya yalimpata mume wa dada yangu. Sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Shemeji alikuwa fundi redio, mtu wa mizaha, asiyeweza kupita jalala bila kuchungulia. Dada alizoea kumwambia, "Siku moja utaniletea paka aliyekufa, useme anatengenezeka." Jumamosi moja asubuhi akarudi amekumbatia kompyuta ya zamani, ile yenye kichogo, nzito kama jiwe la kusagia. Aliikuta juu ya taka, imefungwa vizuri kwenye shuka safi.

"Nani anafunga takataka kwa shuka?" dada akauliza.

"Mwenye adabu zake," shemeji akajibu. Tukacheka.

Akaiweka mezani sebuleni. Haikuwaka. Akaifuta vumbi mpaka kioo kikang'aa kwa weusi, kikawa kinaonyesha chumba chote: pazia, kochi, mlango, na dada akikunja nguo. Mchana dada akanivuta mkono.

"Mdogo wangu, hebu angalia," akaninong'oneza. "Yuko wapi?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi anakunywa chai. Kwenye kioo, kochi lilikuwa tupu.

Tukamwambia. Akaja akasimama mbele ya kioo, akajipungia mkono, akacheka. Kwenye kioo hakuna mkono uliopunga.

Tangu hapo mambo yakaenda kombo. Majirani wakaanza kumpita bila salamu. Wateja wakaniuliza mimi fundi yuko wapi, naye amekaa mbele yao, bisibisi mkononi. Kisha mama yetu akaja kututembelea. Shemeji akainuka haraka.

"Shikamoo, mama."

Mama akavuta kiti, akamgeukia dada. "Mkwe wangu yuko wapi leo? Nyumba imepoa."

Shemeji akasimama pale pale, amenyoosha mkono. Hakuwa na mzaha tena. Mama alipoondoka, akasema, "Irudishwe. Leo hii."

Aliibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Jua lilikuwa kali. Jalalani, moshi ulikuwa unatambaa chini chini, na waokota taka wameinama kwenye shughuli zao. Njia nzima dada alimshika kiwiko, kama mtu anayeongoza kipofu, ingawa sijui nani alikuwa akimwongoza nani.

Shemeji akaitua. Moshi ukatupiga usoni. Dada akakohoa, akakiachia kiwiko ili afute macho.

Basi.

Pale aliposimama shemeji hapakuwa na mtu. Nikaita. Nikaita tena. Waokota taka wakageuka, wakanishangaa mimi.

Nikainama kwenye kioo. Nikaona moshi. Nikajiona mimi. Nikamwona dada. Na katikati yetu, shemeji. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumbika. Sauti haikuja.

Nikaokota jiwe. Dada akanidaka mkono.

"Usivunje," akanong'ona. "Yumo."

Tukajaribu kuinyanyua. Haikuinuka hata kidogo, kitu ambacho mtu mmoja alikuwa amekibeba. Nikamwacha dada ameikumbatia, nikakimbia kutafuta mkokoteni.

Niliporudi alikuwa bado amekaa vile vile, macho kayafumba, mikono kaizungusha. Ndani ya mikono hamkuwa na kitu.

"Taratibu," akaniambia. "Usimwangushe."

Tulitafuta jalala zima. Hakuna aliyeona kompyuta ikiondoka.

Sasa dada anaishi peke yake. Shati la kazi la mumewe linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila nikienda namkuta analifua, au analipiga pasi, au analirudisha pale pale. Nikadhani ni majonzi. Juzi nikashindwa kuvumilia.

"Dada, shati halivaliwi na mtu. Unalifua la nini?"

Akalitoa kwenye msumari, akanipa.

Kola ilikuwa nyeusi kwa uchafu wa shingo. Kwapani, jasho lilikuwa bado bichi.