Bakuli la Kikorea na Mayai ya Bibi Cornelia

Kila jioni Lucia alichota maji, akachambua mboga, akasonga ugali wake na wa bibi yake, Cornelia. Ugali uleule, maharage yaleyale. Sufuria ya nyumba ile ya Malangali ingekuwa na mdomo, ingeomba uhamisho.

Siku moja rafiki yake Sharon alimwonyesha kwenye simu chakula cha Kikorea kiitwacho bibimbap: bakuli la wali, mboga zimepangwa juu kwa rangi, na katikati yai la kukaanga.

"Chakula kinanitaja jina bila shikamoo!" alisema Bibi Cornelia aliposimuliwa. "Haya, pika. Mchele wa Jumapili upo. Mayai ya kula hatuna, na yale ya kuku anayeatamia usiyaguse. Hao ndio vifaranga wetu."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu na baridi kali. Bibi alipokwenda kusali kwenye jumuiya, Lucia alipika wali, akakaanga karoti, mchicha na uyoga, akavipanga vizuri. Lakini bakuli bila yai lilikuwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Akatazama nyuma ya mlango wa jiko, kuku alikolalia.

"Moja tu," alijiambia.

Yai la kwanza lilitoa damu. La pili lilimwaga juu ya wali kifaranga asiye na manyoya. Lucia alitapika. Kuku naye, kwa hofu, alikimbilia mvuani, asirudi tena kwenye kiota. Lucia alikifukia chakula chote, akatupa maganda ya mayai karibu na ua wa jirani.

Bibi aliporudi, mayai yaliyobaki yalikuwa baridi kama mawe.

"Nani kafanya haya?"

"Pilato, Bibi. Nimemwona."

Pilato alikuwa mbwa wa jirani yao, Mzee Kasmir, aliyefiwa na mkewe. Mzee alipoitwa alikuja na mbwa wake kwenye kamba. Alipoonyeshwa maganda karibu na ua wake, hakubisha. Mbwa mla mayai, walisema wazee, dawa yake ni moja: yai lililochemshwa, abanwe nalo kinywani likiwa la moto.

"Huyu ndiye pekee anayenipokea nikirudi shamba," Mzee alisema polepole. "Lakini mwizi ni mwizi. Chemsheni."

Bibi aliweka yai moja lililopoa kwenye maji, Lucia akachochea moto. Maji yalipotokota, Mzee alipiga magoti akamshika mbwa taya. Pilato alitikisa mkia, kisha akabanwa zaidi, akaanza kulia. Bibi akaopoa yai kwa kijiko.

"Babu, mwache!" Lucia alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyeyachukua!"

Mzee alimwachia. Pilato alikimbia hadi mwisho wa ua. Mzee alimwita, akamwita tena. Mbwa alimtazama tu kwa mbali.

"Nisamehe, Babu," Lucia alisema akilia.

"Umesema kabla hajaungua," Mzee alijibu. "Kwa hilo, asante."

Alipoondoka, Bibi alimketisha Lucia karibu na moto.

"Tamaa ya chakula naijua, mjukuu wangu, hata mimi tumbo halijazeeka. Lakini ukikosea, sema mapema. Ulimchagua asiyeweza kusema 'si mimi', ukataka aungue badala yako. Kuku ataatamia tena. Mzee Kasmir itambidi aanze upya kubembeleza rafiki yake mmoja tu, na kosa si lake."