Mtandio wa Marehemu

Mteja wa kwanza aliurudisha mtandio ukiwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha mjini Ayutthaya kwa wiki tatu.

"Jasho hilo," alisema Ampha, akauanika juani. Alikuwa mjane, akikodisha nguo za kale dukani kwake kwa wageni waliokuja kupiga picha kwenye magofu ya mahekalu ng'ambo ya barabara. Mtandio huo wa hariri ya kijani aliununua sokoni, katika vitu vya mcheza ngoma mmoja marehemu. Binti yake, Rinlada, aliomba wawashe udi kwanza, wamtake marehemu ruhusa.

"Wateja wamejaa mlangoni, wewe unataka kubembeleza maiti," Ampha alimjibu.

Mteja wa pili aliuvua kabla hajavuka barabara, akidai unamkaba. Wa tatu, mama wa makamo kutoka Bangkok, alitoka mbio kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada, humo ndani kuna mtu alikuwa ananivisha," alinong'ona. "Mikono ya baridi."

Waliokuwa wakisubiri walisikia. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ampha aliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Rin, hebu vaa wewe, waone ni kitambaa tu."

Rinlada aliupokea kwa ncha za vidole. "Utasimama hapa hapa, mama?"

"Nipo, mwanangu. Vaa."

Akaingia, akavuta pazia. Kisha Ampha akasikia njuga zikilia polepole, na Rinlada alikuwa ameingia peku, hana hata kikuku mguuni, na harufu ya matope ya mto na asumini zilizooza ikatambaa chini ya pazia ikajaa duka zima, na kila alipoita "Rin" sauti mbili zilimwitikia "naam, mama", moja ikiifuata nyingine, mpaka ile ya bintiye ikawa ndogo, ikawa kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, ikapotea, ikabaki moja.

Msichana aliyetoka alikuwa na uso wa Rinlada. Alitembea wima, vidole vimepinda kwa nyuma kama vya wacheza ngoma wa zamani. Rinlada hakuwahi kujifunza kucheza.

Alasiri ileile mtawa mzee wa hekalu la jirani aliitwa. Alisoma sala, akanyunyiza maji, akamfunga msichana uzi mweupe mkononi. Msichana alimshukuru vizuri. Mtawa akamvuta Ampha nje.

"Angeingia kwa nguvu ningemtoa," alisema chini chini. "Lakini amekaribishwa, na aliyemkaribisha ni mama mzazi."

"Na mwanangu, Baba? Yuko wapi?"

Mtawa alitazama chini. "Sikumsikia mle ndani."

Mtandio waliuchoma. Haikusaidia kitu. Miezi ikapita, na msichana akawa hodari wa kupika, mpole kwa wageni, hata majirani wakamsifu. Ampha peke yake alisimama kila asubuhi mbele ya pazia, akiita jina la mwanawe kwa sauti ya chini.

Adhuhuri moja msichana alimwekea bakuli la tambi, akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Kula, mama. Usiite tena pale," alisema kwa upole. "Siku za mwanzo alikuwa anakuitikia. Wewe tu ndiye hukumsikia."