Jali Sankung na Chuma cha Tida

Uzi wa tatu ulikatika kabla chai haijachemka.

Paa! Ukamchapa Jali Sankung kidoleni. Akatia kidole mdomoni, akatoa macho.

"Yule muuza nyavu wa sokoni ni mwizi," akasema. "Ananiuzia mshipi uliooza. Huu hata dagaa angeukata."

Mkewe, Tida, alikuwa anapepeta mchele karibu na mlango. Nyuzi za kora, ile ala yake ya kibuyu inayopigwa kwa vidole, hutengenezwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, na mshipi wao waliununua kwa mtu huyo huyo tangu binti yao Sirreh alipokuwa anatambaa. Sasa Sirreh ana watoto wawili. Mshipi haukubadilika. Tida aliona kitu kingine. Mumewe alikuwa anazikaza zile nyuzi nyembamba kupita kiasi, mpaka sauti inatia ganzi la meno.

"Baba Sirreh, si umeukaza mno?" akauliza taratibu.

"Nimeukaza mno? Mimi? Wewe endelea na mchele wako, bibi."

Mji mzima wa Brikama ulimjua Jali Sankung Kanuteh. Alizaliwa katika ukoo wa majali, watu wanaotunza majina na sifa za watu kwa nyimbo. Akiwa na miaka saba baba yake alimpa kora ndogo ya kibuyu. Wakatembea pamoja ua kwa ua, penye harusi na penye kumpa mtoto jina. Kisha redio ikamwita. Kisha kanda zake zikauzwa mpaka Dakar na Bamako. Kisha ndege zikambeba mpaka Ulaya, akapiga mbele ya watu wasiojua neno lake hata moja, nao wakalia machozi.

Jumamosi ile ilikuwa inatimia miaka arobaini tangu apige redioni mara ya kwanza. Sherehe ingefanyika katika uwanja wa mpira. Watu walishaanza kushona nguo. Watoto waliimba nyimbo zake njiani wakienda shule. Hata wauza karanga walikuwa hawazungumzi habari nyingine.

Na Tida angesimama kando yake, kama siku zote. Yeye naye ni jali wa kuzaliwa. Huimba, na huku anagonga chuma, kile kibomba kidogo alichoachiwa na marehemu mama yake. Chuma hicho hulia juu ya kora, ting, ting, ting, kama ndege wa asubuhi.

Jumanne walifanya mazoezi uani. Fundi wa spika, Foday, alileta spika mbili kubwa. Akaweka moja karibu na sikio la kushoto la Jali, kama alivyozoeshwa.

"Ongeza," Jali akasema.

Foday akaongeza. Kuku wakakimbia.

"Ongeza tena!"

"Mzee, ukuta utaanguka!"

"Ukianguka tutajenga. Ongeza!"

Wakapiga wimbo mmoja. Katikati Jali akasimamisha mkono. Akamgeukia Tida mbele ya watu wote.

"Chuma chako kimelala. Sikisikii. Siku hizi unakigusa tu, kama mtu anayemfukuza nzi."

"Nakigonga, Baba Sirreh."

"Unakigonga, nani anasikia? Umechoka, mama. Si dhambi kuchoka. Kuna binti mmoja wa Serekunda, mkono wake bado mbichi. Nitamwita asimame Jumamosi."

Sirreh akaangalia chini. Tida alikitazama kile chuma mkononi. Miaka ishirini na sita amekigonga kando ya mtu huyu. Sasa siku ya sherehe, mji mzima ukitazama, atakaa kwenye viti na wageni. Akaingia ndani kutia udhu, kwa maana hakutaka kusema neno ambalo baadaye angelijutia.

Jioni walikaa nje wakila wali kwa mchuzi wa karanga. Jali alikuwa amechangamka.

"Mungu ni mkarimu," akasema. "Mmeona? Mwaka huu hakuna mbu. Sijasikia hata mmoja."

Tida akatazama mikono yake. Ilikuwa na vipele kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Na wakati ule ule mbu mmoja alikuwa anazunguka sikio la Jali, anaimba ziiii, anaimba kwa raha zake kabisa. Jali akatia tonge mdomoni.

Tida alinyanyuka kama anafuata maji. Akachukua chuma chake, akasimama nyuma ya mumewe, hatua tatu. Akakigonga polepole. Ting. Mume anakula. Akakigonga tena kwa nguvu kidogo. Ting! Sirreh akageuka. Mjukuu akageuka. Hata mbuzi akainua kichwa. Jali Sankung anatafuta kipande cha nyama.

"Subhanallah," Tida akanong'ona. "Hakunikataa mimi. Hanisikii."

Furaha na hofu vilimjia pamoja. Lakini nani atamwambia? Kazi ya jali ni kuwaambia wakubwa ukweli. Jali mwenyewe akiwa mkubwa, nani atamwambia? Mke akisema, atajibiwa, "Ni kwa sababu nimekutoa jukwaani." Binti hawezi. Wapiga ngoma wanamwogopa.

Usiku ule aliomba dua, na jibu likamjia kabla ya alfajiri. Mtani! Kijiji cha kina Sankung kina utani na kijiji cha jirani tangu enzi za mababu. Mtani husema lolote, na kumkasirikia ni mwiko. Na katika watani hao yumo Bintanding Saho, nesi wa masikio katika hospitali. Jumatano Tida alimfuata huko, akamweleza yote.

Alhamisi mchana Bintanding aliingia uani bado amevaa sare ya kazi.

"Asalaam aleikum, enyi wezi wa karanga! Mmebakiza kitu, au mmelamba mpaka sufuria?"

Jali akacheka kwa sauti kubwa. "Waleikum salaam! Ficheni chakula, mlafi amefika! Watu wa kijiji chenu mkialikwa kwenye harusi, bibi harusi mwenyewe hulala na njaa."

"Na nyinyi majali hamhitaji kualikwa. Mnanusa tu." Bintanding akakaa, akanawa mikono. Kisha akasema, "Lakini wewe, mtani wangu, nimekuja kukuambia jambo. Wewe ni kiziwi."

Sirreh aliacha kijiko kikaanguka.

Kwa mtu mwingine Jali angenyanyuka kwa hasira. Lakini huyu ni mtani.

"Kiziwi? Mimi, Sankung Kanuteh?"

"Wewe. Unamlaumu muuza nyavu, unamlaumu mke wako, na masikio ni yako. Nyani haoni kundule! Haya nijibu. Onyesho likiisha, kuna kelele inakulilia ndani ya masikio?"

Jali akakuna sikio. "Kama nyenje shambani. Mwaka wa kumi sasa. Nilidhani kila mtu anazo."

"Na ukiona hivyo unafanya nini?"

"Natia mafuta ya moto. Nasafisha na unyoya wa kuku."

"Unyoya wa kuku!" Bintanding akapiga paja. "Kuku mwenyewe anao maelfu na hatii hata mmoja sikioni! Unaweza kutoboa ngoma ya sikio, ewe mzee. Usitie kitu humo. Si unyoya, si kijiti, si mafuta. Kesho asubuhi njoo kwangu nikupime. Au jali mkubwa anaogopa?"

"Naogopa? Kesho nitafika kabla yako!"

Na kweli alifika kabla yake. Tida alikwenda naye.

Kipimo hakikuuma hata kidogo. Jali aliingizwa katika chumba kimya, akavishwa vidude viwili masikioni. Bintanding akamwambia, "Ukisikia mlio, hata mdogo kama wa sisimizi, inua mkono." Tida alitazama kupitia kioo. Kwanza mkono uliinuka, ukainuka, ukainuka. Kisha ukakaa gotini. Bintanding alibonyeza, akabonyeza. Mkono haukuinuka tena. Tida alishika tasbihi yake kwa nguvu.

Walipomaliza Bintanding hakufanya utani. Akawaonyesha karatasi yenye mstari. Mstari ulienda sawa, kisha ukashuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

"Sauti nene unazisikia vizuri," akasema. "Nyembamba hazikufikii. Ndiyo maana unakaza nyuzi za juu mpaka zinakatika. Ndiyo maana humsikii mbu. Na sikio la kushoto limeumia zaidi. Spika hukaa upande gani?"

"Kushoto," Jali akajibu kwa sauti ndogo.

"Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyopokea sauti. Chukua mfano wa miche ya mpunga. Ng'ombe wakipita shambani siku moja, miche inalala, kesho inanyanyuka. Wakipita kila siku, hainyanyuki tena. Kelele kubwa ndiyo hao ng'ombe. Ile sauti ya nyenje ilikuwa miche inakulilia, inakuomba uwaondoe ng'ombe."

"Nipe dawa basi."

"Iliyokufa haioti tena, mtani wangu. Sitakudanganya."

Jali akainamisha kichwa. "Basi nimekwisha."

"Nani kasema? Sikio la kufa ndilo halisikii dawa, na lako halijafa. Miche mingi bado imesimama, hiyo tutaizungushia ua. Spika iondoke sikioni, ielekee kwa watu. Vaa vizibo hivi laini, utasikia muziki ila hautakuumiza. Baada ya onyesho pumzisha masikio. Na kuna kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, nitakuandikisha. Kitachukua wiki kadhaa."

Jali akamgeukia mkewe.

"Tida. Kile chuma kilikuwa kinalia?"

"Kila siku, Baba Sirreh."

"Na Jumanne?"

"Jumanne kililia kuliko siku zote."

Yule mzee aliyezoea kusifia wafalme akashika tu ule mkono wa mkewe, mkono anaogongea chuma. Bintanding akajifanya anapanga karatasi.

Baada ya swala ya Ijumaa, Jali alinunua kola, zile kokwa chungu za kutafuna. Kwetu mtu akikosa huenda na kola mkononi. Nusu alimpelekea muuza nyavu, akamwomba radhi mbele ya wateja wake. Nusu iliyobaki aliiweka kwenye mapaja ya Tida.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukutani. Foday alikuwa anasukuma spika zake, anatoka jasho.

"Mzee, nizipeleke mbele kabisa? Watu wanataka ngurumo!"

"Wape ngurumo huko huko kwao. Mimi nimeshanguruma ya kutosha."

Sirreh alikaza nyuzi nyembamba, maana masikio yake ni mazima. Hakuna hata mmoja uliokatika. Jali akavaa vizibo vyake. Akamweka Tida mbele yake kidogo, upande wa kulia, mahali anapouona mkono. Kisha akapiga.

Jamani! Kora ilitiririka kama mvua ya kwanza. Tida akapaza sauti, akainua chuma, ting, ting, ting, na kila kilipolia Jali alitikisa kichwa kwa kuutazama ule mkono. Wanawake wakatupa vitambaa juu. Wazee wakasimama kucheza. Bintanding alikuwa mstari wa mbele, anapiga kelele, "Mwoneni kiziwi wangu!" na watu wanacheka hawajui kwa nini.

Ndipo Jali akasimamisha muziki, akawaambia. Aliwaambia yote: mshipi, unyoya, mbu, na jinsi alivyomsingizia mkewe. Akalitaja jina la Tida, la mama yake, na la bibi yake mpaka kizazi cha saba, kama anavyosifiwa malkia. Tida alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Nyuma yake wapiga ngoma vijana walikuwa wanamnong'oneza Bintanding, "Shangazi, vile vizibo vimebaki?"

Wiki ya tisa kifaa kilifika. Bintanding akakiweka sikioni mwa Jali jioni ile ile, hapo uani. Kidogo tu, kama punje ya karanga. Kwanza Jali alisikia chai inachemka, akashtuka. Akasikia kanga za mkewe zinavyochakarisha. Tida akasimama nyuma yake, hatua tatu, akakigonga chuma polepole.

Ting.

Jali akageuka.

Mara Jali akainua kidole.

"Nyamazeni!" Akatega sikio. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto siku ya Idi. "Tida! Tida, njoo usikie! Mbu!"

Akamwacha yule mbu azunguke mara tatu, huku machozi yanamtoka, ndipo akampiga kofi.