Darubini Juu ya Duka la Miwani

Jumamosi mchana duka lile kubwa la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Wachache walikuja kununua, wengi walikuja kupunga upepo wa bure wa kiyoyozi. Mbele ya rafu ya kamera alisimama dada mmoja mrefu, suruali ya jinzi, kilemba cha buluu kilichofungwa haraka haraka, mikononi amekumbatia boksi kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya. Boksi liliandikwa kwa herufi nyekundu: DARUBINI. HUKUZA MARA 525.

"Dada, usinunue hiyo," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Kijana wa kama miaka thelathini, miwani puani, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, betri za saa ya ukutani kiganjani.

"Wewe muuzaji hapa?"

"Hapana."

"Ni mume wangu?"

"Bado."

"Basi pesa zangu zinakuwashia nini?"

"Zinaniuma tu, dada. Mimi fundi wa miwani, nashinda na lenzi kutwa nzima. Soma hapo chini, kwenye maandishi madogo. Lenzi ina upana wa milimita hamsini. Upana huo ukivuka kukuza mara mia, unachokuza ni ukungu. Hizo mia tano na ushei ni za boksi, si za darubini. Na hii iliyowekwa kwa maonyesho, hebu iguse mguu kwa kidole kimoja."

Akaigusa. Darubini ikatetemeka juu ya miguu yake mitatu kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Dada akahesabu kimoyomoyo mpaka ilipotulia, maana kungoja kitu kinachoning'inia kitulie ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa dereva wa kreni, ile kreni ndefu ya jengo jipya iliyoonekana karibu kila pembe ya mji. Ila hilo hakumwambia. Wanaume aliowaambia zamani waligawanyika makundi mawili, waliocheka na waliouliza mshahara, na leo hakuwa na hamu na kundi lolote.

"Sekunde nane," alisema. "Nyota itakuwa imeshakimbia."

"Unataka kuona nini hasa?"

"Mshtarii, ile sayari kubwa. Nataka nione mistari yake na ile miezi yake minne. Picha nimeziona tangu darasa la sita, nimezichoka. Nataka nimwone mwenyewe, na nitamwona."

Alisema hivyo taratibu, kidevu kimeinuka, na fundi akajua kwamba huyu angemwona Mshtarii hata kwa kupanda ngazi. Moyo wake ukamwenda mbio palepale, bila aibu.

"Kaka," muuzaji wa duka aliingilia, amekunja uso, "umekuja kununua betri au kunifukuzia wateja?"

Wakatoka pamoja wanacheka. Nje, penye msururu wa watu na honi, fundi alimweleza mambo matatu na hakuzidisha: atazame upana wa lenzi kabla ya kitu kingine, atake miguu mizito isiyoyumba, na asidharau darubini iliyokwisha tumika, mradi lenzi haijakwaruzwa.

"Nipe siku chache nikutafutie," alisema. "Unafanya kazi wapi?"

"Ujenzi."

Fundi akadhani ni karani wa ofisini. Akaandika namba yake na kumwita Mteja. Yeye akamwita Fundi. Majina hayo yakawakaa.

Wiki mbili zilizofuata simu hazikupoa.

"Mteja, umekula?"

"Nimekula. Wewe umenitafutia au umenisahau?"

"Nikusahau? Shangazi ananiambia nimeanza kuchonga lenzi za wateja huku natabasamu, wanaogopa."

"Mwambie shangazi akukate mshahara. Na usinitafutie takataka, mpenzi. Nikipata mbovu nakurudishia kichwani."

Lile neno mpenzi lilimtoka bila kupanga. Wote wawili wakaendelea kama halikusemwa, na usiku huo hakuna aliyelala mapema.

Shangazi mtu ndiye aliyekuwa mwenye duka la miwani, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi aliyemlea fundi tangu akiwa mdogo. Kwake hapakufichika kitu. Alimwona mpwa wake analeta darubini mbili za kuazima, moja fupi, nyeusi, inayong'aa kama kiatu kipya, nyingine ndefu iliyobabuka rangi, ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye mgongo ulikuwa umemkataza kuinama. Ile ndefu ilikuwa na lenzi ya milimita themanini na miguu ya mbao iliyomtoa jasho kuipandisha paani.

"Kwa nini usimpe tu hiyo inayong'aa?" shangazi aliuliza.

"Ameniambia hataki takataka. Lazima nizipime kwanza, halafu nimshtukize."

Lenzi rahisi haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Rangi inayokosa nafasi hujitokeza kama mstari wa zambarau kwenye ukingo wa kitu cheusi kilichosimama mbele ya anga jeupe, na kadiri mstari unavyokuwa mnene ndivyo sayari itakavyoharibika. Kwa hiyo fundi alihitaji kitu cha mbali, kilichonyooka, chenye kingo kali. Akazungusha macho juu ya paa, kuta, matangi ya maji, nguo za majirani kwenye kamba, kisha akaiona kreni. Kila siku saa saba, wakati wa mapumziko yake, jua likiwa mbali na upande ule, alilenga vyuma vya mkono wa kreni kwa darubini moja, kisha kwa ya pili, na kuandika daftarini. Hakujua ni nani aliyekaa kule juu.

Alhamisi, siku ya nne, redio ilikoroma ndani ya kibanda cha kreni. Alikuwa Kengele, mtoa ishara aliyemwelekeza mizigo akiwa ghorofani, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakujua kunyamaza.

"Dada, kuna jamaa juu ya paa la duka la miwani. Ana bomba refu, analielekeza kwako. Na jana alikuwepo. Na juzi."

Dada akainama kwenye kioo. Umbali ulikuwa mkubwa, lakini namna ya mtu kusimama huwezi kuisahau ukishampenda. Akamtambua. Akaachia vishikio, akaomba dakika tano na kuzima redio, kwa sababu dereva mwenye hasira hanyanyui mzigo juu ya vichwa vya watu.

Jioni ile simu ya fundi ililia kabla hajafunga duka.

"Mteja wangu! Nilikuwa nataka ku..."

"Leo saa saba ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Chini ya paa au juu yake?"

Fundi akababaika. Alitaka kulinda mshtuko aliouandaa, na pia kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimsumbua tangu mchana. "Nilikuwa napima kitu," alisema.

"Ulikuwa unanipima mimi. Yule dereva wa kreni ni mimi, na wewe umelijua hilo siku nyingi. Sikiliza. Niliwahi kuwa na mchumba aliyekuwa akimpa mlinzi wa getini vijisenti ili amweleze nimetoka saa ngapi na nani. Miaka miwili nililindwa kama mbuzi. Niliapa mwanamume wa pili wa namna hiyo hatanipata. Usinipigie tena."

Akakata, akaifungia namba yake. Kisha akalia, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Nenda kazini kwake ukamweleze!" shangazi alimfokea fundi kesho yake. "Unakaa hapa kama jiwe!"

"Shangazi, mtu kaniambia namfuatilia. Nikienda kumsubiri getini si ndiyo nitakuwa nimemfuatilia kweli? Siendi."

"Na ukimkosa je?"

"Nitamkosa," alisema fundi, "lakini sitamwinda." Akachukua fremu iliyovunjika na kuanza kuitengeneza. Aliiunga vibaya mara mbili. Saa saba hakupanda paani, wala siku iliyofuata.

Kule juu, dada alifanya kazi ameuma meno. Aliyemvuruga ni Kengele tena, safari hii uso kwa uso, wakivaa kofia za kazi Jumatatu asubuhi.

"Lakini yule jamaa wa paani mwehu kidogo, dada. Alikuwa na mabomba mawili. Anatazama kwa hili, anaandika. Anatazama kwa lile, anaandika. Mpelelezi gani anaandika kama anafanya mtihani?"

"Kwa nini hukusema hayo siku ile?"

"Ulizima redio!"

Dada akakaza kofia kichwani. Kila asubuhi kabla ya kupanda alikagua mwenyewe kamba za chuma, hata kama fundi wa zamu alikwisha mwambia ziko salama. Kreni haiendeshwi kwa kusikia. Na yeye alikuwa amemhukumu mtu kwa maneno ya redio. Huenda hukumu ilikuwa ya haki, huenda haikuwa, lakini hakutaka kuishi bila kujua. Saa saba kamili alimwachia vishikio dereva wa akiba, akavuka barabara mbili na kuingia duka la miwani akiwa na ovaroli ya rangi ya machungwa, buti zenye vumbi la saruji na kofia ngumu kwapani.

"Karibu mwanangu," alisema shangazi, akimtazama kutoka buti hadi kilemba. "Macho yanasumbua?"

"Nataka kujua kama yananisumbua. Yuko wapi mpwa wako?"

Fundi alitoka chumba cha nyuma, lenzi mkononi. Alipomwona, ikamponyoka, ikaviringika chini ya meza.

"Sikuja kuelewana," dada alisema. "Nimekuja kuona ulichokuwa ukiona. Panga kila kitu kama ulivyokuwa umepanga, halafu unipishe."

Wakapanda. Fundi akaweka ile fupi inayong'aa, akailenga, akasogea mpaka mwisho wa paa. Dada akainama. Mkono wa kreni yake ulikuwa pale, kushoto kumekuwa kulia, na kila chuma kimezungukwa na mstari mnene wa zambarau. Akateremsha kidogo hadi kwenye kibanda. Alijua mle ndani ameketi dereva wa akiba, mwanamume mwenye tumbo kubwa na shati jekundu, lakini kioo kilirudisha mwanga wa anga tu. Hakuna uso, hakuna tumbo.

"Nyingine," aliamuru.

Ile ndefu ilimpa kreni nyingine kabisa. Vyuma vilisimama vyeusi, safi, zambarau nyembamba kama uzi. Akaweza kuhesabu nati za bolti alizozikagua mwenyewe alfajiri. Kibanda, bado kioo kitupu. Akachukua daftari: tarehe, saa, "fupi: zambarau nene, miguu inayumba", "ndefu: safi, miguu imara, hii ndiyo ya Mteja". Kurasa nne, vyuma vitupu.

Akafunga daftari. "Kwa hiyo hukuniona."

Hapo fundi angenyamaza, yangekwisha. Kioo kilikuwa kimeshamtetea.

"Nilikuona," alisema.

Dada akainua kichwa.

"Alhamisi. Wingu lilikuja, mwanga ukapungua kwenye kioo, nikaona kilemba cha buluu. Nikajua ni wewe. Ningepaswa kuondoka saa ileile, sikuondoka. Nilikuangalia kama dakika nzima, huku najua si haki. Halafu nikafunika lenzi. Ndiyo maana ulipopiga simu nilibabaika."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Unaimba. Kichwa chote kinaimba."

"Mungu wangu."

"Sauti sikusikia."

Alitaka kukasirika na kicheko kikamwahi, akakimeza nusu. "Mbona umeniambia? Nilikuwa nimeshaamini."

"Siku moja ungeniuliza ukiwa unanipenda, nami ningekudanganya. Uongo huo ningekula nao, ningelala nao. Ni bora unikatae leo kwa sababu ya ukweli."

Dada akarudi kwenye darubini ndefu. Alifungua miguu ya mbao, akafunga darubini ndefu ndani ya turubai, akainua mzigo wote begani kana kwamba ni mfuko wa nguo.

"Hii nitaichukua. Nipe jina la mwalimu, nitamlipa mwenyewe."

"Nilitaka iwe zawadi."

"Zawadi kubwa hivi sipokei kwa mtu ambaye sijaamua." Akashuka ngazi, buti zinagonga. Fundi hakumfuata.

Saa mbili usiku simu ililia. Shangazi alikuwa akifunga hesabu, akaacha kalamu.

"Fundi."

"Naam."

"Nimemwona. Ni mdogo, punje tu, lakini ni yeye. Ana mistari miwili tumboni. Na miezi minne imejipanga, mitatu huku, mmoja kule. Mama ametazama, analia, anasema hajui analilia nini." Akavuta pumzi. "Miguu haiyumbi hata kidogo."

"Nimefurahi, Mteja. Kweli nimefurahi."

"Sijamaliza. Na mimi nina la kukiri. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa namwona mtu paani saa saba, kivuli tu cha mbali, bila kujua ni wewe. Alhamisi asubuhi nilijikuta nangoja saa saba ifike. Nilikuwa naona vibaya kwamba nina wewe huku namtazama mwingine."

Fundi akaketi juu ya kochi la wateja.

"Kwa hiyo sasa nimeamua," aliendelea, kwa sauti ileile ya siku walipokutana mbele ya rafu ya kamera. "Habari za kutazamana kwa mbali zimekwisha. Jumapili uje kwa mama. Uje mchana kweupe, upitie mlango wa mbele, upige hodi mtaa mzima usikie."

"Nitakuja. Nitakuja mapema. Nije peke yangu?"

"Anayekuja peke yake ni mgeni tu, Fundi. Wewe njoo na shangazi yako."