Nyusi Hazisikiki Mtandaoni

Kitendawili. Darasa langu halina ukuta, halina dawati, na wanafunzi wake hawajawahi kugusana bega. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Musoma, nami nimekwenda Musoma, nikala samaki sato, nikarudi. Jibu ni darasa la mtandaoni. Nyangi wa kijiji cha Bukima alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Asubuhi Nyangi alianika dagaa na mama yake, Jenoveva. Saa kumi jioni alinawa mikono, akakaa kibarazani na simu, akajifunza Kiingereza. Darasani mlikuwa na watu wa nchi nyingi. Mwalimu wao, Fiona, alikuwa mbali huko Ailandi. Nyangi alikitaka sana cheti cha kozi ile. Hoteli moja mjini Musoma ilimwahidi kazi ya mapokezi, mradi alete cheti.

Siku moja ujumbe uliingia. Nyangi aliusoma, akamgeukia mama yake.

"Mama, mwalimu anasema sihudhurii. Nikikosa mara moja tena, ananitoa."

"Unakosa saa ngapi? Si nakuonaga hapo kila siku, mpaka ugali unapoa?"

Jirani yao Tabitha, mwalimu wa sekondari, alikuwa amekuja na sahani kununua dagaa. Akasikia.

"Hebu nieleze, binti yangu. Mwalimu akikuita, unaitikaje?"

Nyangi akainua nyusi mara mbili, kimya, kama tunavyoitika huku kwetu.

"Na kamera?"

"Naizimaga. Inakula bando."

Tabitha alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Mwanangu, nyusi zako tunaziona sisi wa Bukima. Ailandi hazisikiki."

Nyangi hakucheka. "Sio nyusi tu, mwalimu. Naogopa. Herufi ele na ere zinagombana mdomoni mwangu. Kuna Paulo wa Brazili, anakosea, anacheka, anaendelea. Mimi nikikosea mbele ya mwalimu, naona nimemvunjia heshima."

"Hata mimi nilikuwaga hivyo," Tabitha alisema. "Nilisoma mtandaoni na dada mmoja wa Vietnam. Yeye alinyamaza mpaka awe na uhakika, ndivyo alivyolelewa. Huyo Paulo wako amezoea kusema kwanza, asahihishwe baadaye. Hakuna aliyemzidi mwenzake akili. Kila mtu ameingia darasani na malezi ya kwao. Ila mwalimu haioni heshima yako. Anasikia kimya, anadhani umeondoka."

"Sasa nifanyeje?"

"Itika kwa sauti. Sauti ikikatika, andika ujumbe. Usipoelewa, mwombe arudie. Kuuliza si kukosa adabu. Na leo hii mwandikie, umweleze ukweli."

Nyangi aliandika. Mwalimu Fiona akajibu kwamba hakujua, na akamfutia zile siku alizohesabiwa hayupo. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa Ijumaa. Kila mtu angeeleza kazi inayofanywa kwao kwa dakika tatu.

Kuanzia hapo Nyangi alianika dagaa akisema Kiingereza. Mama yake hakujua hata neno, lakini alijibu "yesi" kila mara, hata alipoulizwa jina lake.

Ijumaa ikafika. Mwalimu akamwita.

"Nipo, mwalimu," Nyangi akaitika kwa Kiingereza, sauti yake ikafika mpaka jikoni.

Alianza vizuri. Mara neno likapotea. Dagaa wanaitwaje kwa Kiingereza? Kimya kikaja. Alikifukuza.

"Mwalimu, jina lao kwa Kiingereza silijui. Sisi tunawaita dagaa. Ni samaki wafupi kuliko kidole. Tukiwaanika, mchanga unang'aa kama bati jipya."

Ele na ere ziligombana. Akajisahihisha, akaendelea.

"Mnawala na kichwa?" Paulo akauliza.

"Na macho pia," Nyangi akajibu. Darasa zima likacheka, maswali yakamiminika, na dakika tatu zikawa kumi.

"Umefaulu, Nyangi," mwalimu akasema.

Cheti kilikuja, na kazi ya mapokezi aliipata. Lakini Jenoveva akisimulia, hupenda zaidi kilichofuata dakika ile. Mwalimu alimwomba Nyangi awafundishe lile neno. Nchi baada ya nchi, sauti zikatoka kwenye simu pale kibarazani: dagaa, dagaa, dagaa. Paulo akasema, "Daga."

"Rudia, kaka," Nyangi akamwambia kwa Kiingereza. "Vuta mwisho."